Tambi Nyembamba za Bikaner

Mama alipewa siku nne za kusubiri kabla ya upasuaji wa moyo, na katika siku hizo nne tulikula kwenye mgahawa mmoja mara tano. Tulikuwa Delhi, tumepanga chumba Lajpat Nagar, mtaa ambao wagonjwa wa Afghanistan, Iraq, Sudan na kwetu Tanzania hupishana kwenye ngazi wakiwa wamekumbatia bahasha za vipimo. Tangu tushuke kwenye ndege Mama alikuwa akila mkate na ndizi tu, kwa kuogopa nyama asiyojua ilivyochinjwa. Mwenye nyumba alipotuambia kwamba kwenye mgahawa wa Haldiram's hakuna nyama ya aina yoyote, Mama alivaa viatu kabla sijamaliza kumfasiria.

Unaingia, unapanga foleni kwa keshia, unalipa kwanza, unachukua risiti na kwenda nayo kwenye kaunta ya chakula ulichoagiza. Ni chakula cha haraka hasa: unabeba sinia mwenyewe, na meza uliyokalia mwingine anaitolea macho ukiwa bado unatafuna. Mimi nilichukua chole bhature, yaani dengu nzima za mchuzi mzito na mikate ya ngano iliyokaangwa ikafura kama puto. Mama akapata raj kachori. Kachori hii si ile ya viazi tunayoijua Tanga na Mombasa. Ni gamba la unga lililofurishwa kwenye mafuta, kubwa kuliko ngumi, likatobolewa juu, likajazwa viazi, dengu, mtindi baridi na chatini ya ukwaju, kisha likanyunyiziwa tambi za dengu nyembamba mithili ya nywele.

Hapo kwenye tambi ndipo Mama alipoacha kula. Aliokota moja kwa ncha za vidole, akaivunja karibu na sikio, akaokota nyingine.

"Tundu lao dogo," akasema. "Dogo kuliko langu."

Niseme kwa nini jambo hilo lilimgusa. Mama ameuza tambi za dengu Ngamiani, mjini Tanga, kwa miaka zaidi ya ishirini, na ada zangu za shule zilitoka humo. Alifundishwa na mama mmoja wa Kihindi ambaye Mama alikuwa akimfanyia kazi za nyumbani kabla sijazaliwa. Unga wa dengu unachekechwa mara mbili, unatiwa chumvi, manjano, pilipili ya unga na mafuta ya moto kidogo, halafu unakandwa mpaka usishike mkono wala usiachie. Donge linaingia kwenye mashine ya shaba ya mkono yenye sahani ya matundu chini, mashine inakaa juu ya karai, na mtu anazungusha mpini huku mvuke unampanda usoni. Mtu huyo nilikuwa mimi. Jioni tulijaza vifuko na kuvibana midomo kwa moto wa mshumaa. Havikuwa na jina. Watoto wa shule waliziita tambi za mama wa kona, na hilo lilitosha kumfanya mteja arudi.

Kwa hiyo niliposoma, nikiwa nimekaa kwenye korido ya hospitali siku ya upasuaji, kwamba mgahawa ule wenye matawi Delhi nzima ulianzia kwenye karai moja la tambi za dengu, sikuweza kuacha kusoma. Saa sita alizokuwa ndani nilizipitisha na ukoo wa Agarwal wa Bikaner.

Bikaner iko kaskazini-magharibi mwa Rajasthan, jimbo la India, kwenye jangwa la Thar. Mji ulianzishwa mwaka 1488 na Rao Bika, na watu wake wamejifunza kula kile ambacho jangwa linakubali kuotesha. Mojawapo ni kunde ndogo ya rangi ya kahawia iitwayo moth, inayovumilia jua na mchanga kuliko mazao mengi. Tambi za Bikaner huitwa bhujia, na historia ya mji inazirudisha hadi mwaka 1877, enzi za Maharaja Dungar Singh. Leo jina "Bikaneri Bhujia" linalindwa kisheria: tangu mwaka 2010 lina hati ya asili ya kijiografia, maana yake mtu wa mji mwingine hawezi kukaanga tambi zake akaziita hivyo.

Ukoo tunaouzungumzia ulikuwa na kibanda kidogo cha vitafunwa mjini humo, cha mzee Bhikharam Agarwal. Hapa simulizi nyingi hukimbilia kwa mjukuu wake. Mimi naomba tusimame kidogo, kwa sababu simulizi ya ukoo wenyewe inakiri kwamba bhujia iliyouzwa pale ilikuwa mapishi ya mwanamke, shangazi aitwaye Bikhi Bai. Yeye ndiye aliyeleta mkono wake jikoni, wanaume wakaupeleka sokoni. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nilimkumbuka yule mama wa Kihindi wa Tanga, ambaye hata Mama hamjui kwa jina zaidi ya "Bibi".

Mjukuu ndiye Ganga Bishan Agarwal, aliyezaliwa mwaka 1908, na nyumbani wakamwita Haldiram. Haldi kwa Kihindi ni manjano. Alianza kukaa kibandani angali mtoto, na alichokifanya akiwa kijana mtu yeyote aliyewahi kusimama mbele ya karai atakielewa vizuri kuliko mwanauchumi. Bhujia ya wakati ule ilikuwa nene na laini, ya unga wa dengu. Yeye akaleta unga wa moth, kisha akapunguza matundu ya chombo cha kukamulia, tambi zikatoka nyembamba na kali kwa mlio. Jambo hilo ni gumu. Ukipunguza tundu, donge lililokuwa sawa jana linakwama leo, na ukiliongezea maji ili lipite, zinanyonya mafuta na kulegea. Lazima ubadilishe kila kitu pamoja: unga, maji, nguvu ya mkono, moto wa mafuta. Nilipomweleza Mama baadaye, alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayesikia habari za fundi mwenzake. "Huyo alichoma nyingi kabla hajaipata," akasema.

Akaziita Dungar Sev (sev ni tambi hizi za kukaangwa), kwa heshima ya maharaja, na akaziuza kwa bei ya juu kuliko za wenzake. Jina la mfalme kwenye kitafunwa cha kijana wa kibandani! Mnunuzi alibeba karatasi ya tambi kama aliyebeba kitu cha ikulu.

Kisha ukaja ugomvi wa nyumbani, wa kwanza kati ya mingi. Haldiram aliondoka kwenye nyumba ya ukoo pamoja na mkewe, Champa Devi, na kwa kipindi wakaishi kwa choroko: Champa Devi akizipika, yeye akizungusha mitaani. Mwaka 1937 likasimama duka lake mwenyewe la bhujia. Huo ndio mwaka kampuni inaouhesabu kuwa mwanzo. Mimi ningehesabu kuanzia lile sufuria la choroko, maana bila hilo wasingefika 1937.

Miaka ya 1950 Haldiram alisafiri kwenda Kolkata kwa ajili ya harusi. Kolkata ilikuwa na wafanyabiashara wengi wa Kimarwari waliohama Rajasthan, watu wenye fedha na hamu ya ladha za kwao, na tambi alizobeba zikawa gumzo. Duka likafunguliwa huko, wanawe wakapelekwa kulisimamia. Alikuwa na wana watatu: Moolchand, Satyanarayan na Rameshwar Lal. Moolchand alibaki Bikaner. Kolkata ikawa ya wengine wawili, na baada ya muda Satyanarayan akajitenga. Ukitaka kuelewa kila kilichofuata, kumbuka tu kwamba Bikaner na Kolkata zimetenganishwa na zaidi ya kilomita elfu moja na mia tano, na jina lilikuwa moja.

Mjukuu Shiv Kishan, mtoto wa Moolchand, ndiye ninayempenda zaidi katika hadithi hii. Mwishoni mwa miaka ya 1960 alikwenda Nagpur, mji wa machungwa katikati ya India, ambako watu hawakuwa na haja ya tambi za jangwani. Biashara ikasinzia. Badala ya kuwalazimisha wateja wapende alichonacho, alianza kutazama wanachopenda. Akaleta kaju katli, vipande vyembamba vya korosho na sukari vilivyokatwa mshazari na kufunikwa karatasi laini ya fedha inayolika, akawaonjesha watu bure. Walioonja wakarudi na pochi. Baadaye akaweka meza, akaanza kuuza dosa, aina ya mkate mwembamba, na vyakula vingine vya kusini mwa India, kwa kuwa mtu anayekuja mgahawani atanunua peremende, na aliyekuja kwa peremende atakumbuka njaa. Mgahawa wa Haldiram's ninaoufahamu mimi, wa sinia na risiti, mzizi wake mmoja uko hapo Nagpur. (Tukiwa kwenye korosho: korosho ghafi za Mtwara na Lindi kwa miaka mingi zimepakiwa melini kwenda India, kubanguliwa huko. Sijui mkulima wa Newala anakula kaju katli mara ngapi maishani mwake. Ningependa aile.)

Delhi ilifuata mwanzoni mwa miaka ya 1980, kupitia Manohar Lal na Madhusudan, wadogo zake Shiv Kishan. Walifungua Chandni Chowk, barabara kuu ya mji mkongwe, ambapo kila futi ya ukuta ina mwenyewe na kila mpita njia anajua bei halisi ya kila kitu. Hawakukaa sana. Tarehe 31 Oktoba 1984 Waziri Mkuu Indira Gandhi aliuawa na walinzi wake wa Kisikh, na siku zilizofuata magenge yaliwasaka Masikh mitaa kwa mitaa, yakaua maelfu na kuchoma nyumba na maduka. Moto ule ulilifikia na duka la Haldiram's. Ndugu hao walilianza tena. Naandika kwa uzito wake kwamba duka hujengwa upya. Wajane wa Delhi hawakupata cha kujenga upya.

Sasa nije kwenye jina, kwani ndiko nilikokaa muda mrefu zaidi pale korido.

Desemba 1972 alama ya biashara ya Haldiram Bhujiawala iliombewa usajili. Mwaka 1974 ubia wa familia ukavunjwa kwa maandishi: Moolchand na watoto wake wapate jina kwa India yote isipokuwa West Bengal, na Rameshwar Lal alipate ndani ya West Bengal, ambako Kolkata ndiyo makao makuu. Kwenye karatasi ni mpaka mzuri kabisa. Lakini mwaka 1991 tawi la Kolkata likafungua duka Karol Bagh, hapohapo Delhi, na tawi la Delhi likaenda mahakamani. Binamu wakashitakiana kwa jina la babu yao. Mwaka 2000 kipande cha kesi kilifika hadi Mahakama ya Juu ya India, wakibishania iwapo ubia ambao haujasajiliwa unaweza kusimama na kudai alama yake. Mahakama ikasema kesi iendelee. Ikaendelea miaka.

Nimewaza sana kuhusu hilo. Najua familia zilizogawana shamba, nyumba, hata kaburi. Shamba lina jiwe la mpaka. Jina halina jiwe. Liko kinywani mwa mteja, naye hajui kwamba akivuka reli amehama kutoka kwa mtoto wa huyu kwenda kwa mtoto wa yule. Mtu wa Delhi akisema "twende Haldiram's" hasemi twende kwa Moolchand. Anasema twende kwenye ile ladha. Na ladha, ukifuata nyuzi zake hadi mwisho, inakupeleka kwa mwanamke ambaye hakutajwa kwenye hati ya 1974 wala kwenye mashitaka ya 1991. Sijasoma uchambuzi wa biashara hii usioanza na ukoo na kuishia na mabilioni, na kila mara naona umeruka jiko.

Shiv Ratan, mtoto mwingine wa Moolchand, alichagua njia tofauti, na mimi namheshimu kwa hiyo. Alibaki na Bikaner, na mwaka 1993 akaanza kuuza bhujia kwa jina jipya, Bikaji, lililotokana na Rao Bika mwanzilishi wa mji. Aliacha jina la babu akachukua la mji. Kampuni yake iliingia kwenye soko la hisa la Mumbai Novemba 2022.

Waliobaki na jina la babu walikua kwa kasi iliyowashangaza hata wageni. McDonald's ilifungua duka lake la kwanza India Oktoba 1996, huko Vasant Vihar, Delhi, ikiwa imeondoa nyama ya ng'ombe kwenye orodha yake kwa ajili ya nchi hiyo. Wengi walidhani vibanda vya chaat, vitafunwa vya barabarani, vimekwisha. Lakini Haldiram's tayari walikuwa na kitu ambacho mgeni hakuwa nacho, chakula ambacho watu walikua nacho barabarani, na walichohitaji ni kukiingiza ndani: maji salama kwenye pani puri (vijigamba vya unga vinavyojazwa maji ya viungo), glovu mikononi mwa anayezijaza, kiyoyozi, choo kisafi, mahali ambapo bibi wa miaka themanini na mjukuu wake wanakaa meza moja na hakuna anayeuliza ndani ya sinia kuna mnyama gani. Kwa familia za Kihindu na Kijaini zisizokula nyama, imani hiyo ina thamani kuliko tangazo lolote. Kwa mama Mwislamu wa Tanga pia.

Sisi tulikuwa tumesharudi nyumbani Machi 2025 habari zilipotoka kwamba Temasek, kampuni ya uwekezaji ya serikali ya Singapore, inanunua karibu asilimia 10 ya biashara ya vitafunwa vya Haldiram's kwa hesabu inayoipa biashara nzima thamani ya takriban dola bilioni 10. Siku chache baadaye wakatajwa IHC ya Abu Dhabi na Alpha Wave Global. Ili wafike hapo, ndugu wa Delhi na wa Nagpur waliunganisha upande wa pakiti kuwa kampuni moja, asilimia 56 kwa Delhi na 44 kwa Nagpur. Migahawa haikuingizwa kwenye mauzo hayo. Nilifurahi kuona hilo. Mwaka mmoja kabla, Aprili 2024, Mahakama Kuu ya Delhi ilikuwa imelitangaza Haldiram kuwa alama mashuhuri, hadhi inayoilinda hata nje ya biashara ya chakula. Nilimsomea Mama kiasi cha dola bilioni 10 kwa shilingi. Aliniuliza wafanyakazi wa jikoni wanalipwaje. Sikuwa na jibu.

Narudi Delhi. Wiki ya tatu baada ya upasuaji daktari alimruhusu Mama kutembea, chumvi na mafuta akamkataza. Jambo la kwanza aliloomba ni kupelekwa Chandni Chowk akaone duka lile lilipo. Tulichukua bajaji, ambayo pale ni ya kijani na njano na jina lake halisi linatoka kwa kiwanda cha nchi ileile, tukashuka mbali kidogo kwa sababu ya msongamano. Tulipita mbele ya Gurudwara Sis Ganj Sahib, mahali Guru Tegh Bahadur alipouawa mwaka 1675, watu wakivua viatu kuingia. Tulisimama muda. Dukani kwa Haldiram's hatukula. Mama alinunua pakiti moja ya bhujia, akaifungua, akatoa kidogo kiganjani, akavunja moja karibu na sikio kama siku ile ya kwanza. Nyingine zote akanipa mimi.

"Unga si wa dengu peke yake," akasema. "Dengu haivunjiki hivi."

Nikamweleza habari za moth. Akaniuliza kama kunde hiyo inaweza kupatikana Tanga. Nikamwambia sidhani. Akasema choroko zipo, na huyo mke wa Haldiram alianza na choroko.

Kutoka hapo alitaka mahali wanapouza vyombo vya shaba, tukaelekezwa Chawri Bazar. Alitembea polepole, mkono mmoja umenishika, mwingine juu ya kifua pale palipo na mshono. Duka la nne lilikuwa na mashine za kukamulia sev, zimepangwa kama risasi kwenye rafu, sahani zake zikining'inia kwenye waya. Kijana muuzaji alitutolea ya matundu makubwa, akadhani tunataka ya tambi nene. Mama akairudisha. Akatoa ya kati. Akairudisha nayo. Akatoa ndogo, matundu yake kama yametobolewa kwa sindano.

Mama aliiinua kuelekea kwenye taa, akafumba jicho moja, akaizungusha taratibu.

"Muulize," akaniambia, "kama anayo ndogo zaidi ya hii."